Mnyapara wa Sebuleni

"Leo limeniuliza tena! Eti, 'Umechelewa kazini, eleza sababu.' Nimechelewa wapi mimi? Kazi yao si nimeshaacha? Au siku hizi mtu anachelewa hata kuamka kwake mwenyewe?"

Huyo ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, amesimama mbele ya kompyuta asubuhi na mapema, mswaki mdomoni. Kaka amejishika kiuno, suruali yake ya kazi imejaa madoa ya rangi za nyumba za watu.

"Si uandike sababu yoyote, likae kimya?"

"Nimeandika jana. Nimeandika juzi. Nimeandika, 'Samahani, nilikuwa nafua.' Mimi, na akili zangu timamu, naliomba msamaha dude lisilo na mama!"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Lakini halikuwa jambo la kucheka.

Wifi alikuwa mpokea simu wa kampuni moja. Hakwenda ofisini, alifanyia kazi sebuleni, kwenye kile kipembe kati ya friji na dirisha, hedifoni kichwani, akiwabembeleza wateja waliokatiwa huduma. Kompyuta ni yake. Aliinunua kwa akiba yake, maana masharti yalisema kila mtu aje na ya kwake. Kampuni ikaweka ndani yake programu ya kuwachunga wafanyakazi. Programu hiyo inajifungua yenyewe asubuhi, inaandika umefika lini, inashika kipaza sauti, na kila baada ya muda inapiga picha ya kiti kuona kama umekikalia. Sisi nyumbani tukaipa jina: Mnyapara.

Siku moja wifi alibanwa na haja akanikalisha mimi pale, hedifoni kichwani, nikaambiwa nitikise kichwa kama mtu anayesikiliza. Haikupita hata nusu saa msimamizi akapiga simu: "Huyo mama mwenye pengo ni nani?" Pengo langu likafika makao makuu ya kampuni kabla yangu.

Aliacha kazi siku mwanawe wa mwisho alipoamka na homa. Mtoto katapikia shuka zima, wifi akainuka kumwogesha. Kurudi, akakuta maandishi mekundu: kiti kimekuwa kitupu, utakatwa mshahara. Hakuandika kitu. Alimpigia msimamizi akamwambia, "Kama kiti kinakuuma sana, njoo ukikalie wewe." Akakata. Ndiyo ilikuwa barua yake ya kuacha kazi.

Sasa alikuwa amepata kazi nyingine, nzuri kuliko ile. Daktari mmoja wa meno alitaka mtu wa kupokea simu za wagonjwa na kuwapangia siku zao, asubuhi tu, kutoka nyumbani, kupitia kompyuta. Alhamisi wakamjaribu. Wifi akawasikia vizuri kabisa. Wao hawakumsikia hata neno. Kwenye skrini kukaandikwa kwamba kipaza sauti kinatumiwa na programu nyingine. Mnyapara alikuwa amekishika kama mwizi aliyeshika kuku.

Daktari akapiga simu ya kawaida. "Mama, Jumatatu asubuhi naanza na wewe. Usiposikika, nina mwingine anayesubiri."

Basi hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Wifi anataka Mnyapara atoke, kaka hataki.

"Usitupe mbachao kwa msala upitao," kaka alisema. "Kampuni ile kubwa. Hao wa meno unawajua? Kesho wakikuacha utarudi wapi?"

"Mbachao huu una kunguni, mume wangu. Nitautupa nikalale sakafuni."

Nisimsingizie kaka ubaya. Ni mpaka rangi, na mvua ikinyesha hakuna ukuta wa kupaka. Miezi ya mvua ni mshahara wa wifi uliokuwa ukiwasha jiko. Kila akimwona yule Mnyapara kwenye skrini, yeye aliona mlango ulioachwa wazi kidogo.

Jioni hiyo, kutafuta amani, kaka alikaa mwenyewe mbele ya kompyuta. Akaikokota ile alama ndogo ya Mnyapara akaitumbukiza kwenye pipa la taka la kwenye skrini, akamwaga pipa. "Haya, limekwisha. Nisisikie tena kelele."

Ijumaa asubuhi: "Umechelewa kazini, eleza sababu."

"Umeng'oa kibao cha mlangoni," wifi alimwambia, "mpangaji bado yumo ndani anakoroma."

Akafungua mwenyewe orodha ya programu zilizomo, akamkuta Mnyapara amekaa katikati ya wenzake bila aibu. Akabonyeza Ondoa. Likatokea dirisha linadai neno la siri, ambalo wanalo kampuni peke yao. Wifi akachukua simu, akampigia msimamizi, akaweka sauti ya juu tusikie wote.

"Dada yangu!" msimamizi alisema kwa sauti ya asali. "Mbona haraka? Lete kompyuta ofisini tuzungumze. Nafasi yako ipo. Mshahara utashuka kidogo tu."

Kaka akaanza kupunga mikono kama anayeongoza gari kurudi nyuma: kubali, kubali.

"Kompyuta ni ya nani?" wifi aliuliza.

"Ni yako, lakini programu ni yetu."

"Basi njoo umchukue mtu wako. Amelala sebuleni kwangu, hata kodi halipi."

"Utaratibu hauruhusu, dada."

"Utaratibu wako nitautoa mwenyewe." Akakata.

"Umefunga mlango," kaka alisema polepole.

"Nimeufunga. Tatizo, bado yuko ndani."

Jumamosi tukamwita fundi wa kompyuta wa barabara ya pili, mtu mpole wa makamo anayezungumza kama anaomba radhi. Kwanza alinakili picha za familia na kazi za shule za watoto kwenye flashi. "Kitu kikiharibika," alisema, "kiharibike huku vyenu viko pembeni." Kisha akamuuliza wifi mara mbili kama kweli kompyuta ni yake. Akajibiwa kwa jicho tu.

Akaiwasha kwa namna nyingine, ile ya mashine kuamka na vitu vya lazima peke yake. "Hapa Mnyapara wenu bado amelala, neno la siri hawezi kulidai. Tunamtoa na kitanda." Akaonyesha kwa kidole. "Lakini ana msaidizi. Mmoja ukimuua, wa pili anamrudisha. Lazima watoke wote leo leo."

Alitaka kubonyeza, wifi akamsukuma mkono. "Niachie mimi, fundi. Mimi ndiye niliyekaa naye."

Akamtoa msaidizi. Akamfuata Mnyapara. Kabla hajaondoka, mjinga yule akauliza tena: tafadhali tueleze kwa nini unatuondoa. Chini yake kiboksi cheupe cha kuandikia. Nilimwona wifi anashika vidole vyake. Mwanamke aliyelelewa kujibu anapoulizwa, aliyeomba radhi kwa kufua nguo zake mwenyewe! Kiboksi akakiacha kitupu. Akabonyeza Endelea.

"Bado mabaki," fundi akasema. "Programu ikihama huacha takataka zake." Akatafuta folda moja iliyojificha ndani ndani, akaifungua.

Zilikuwa picha za kiti. Mamia kwa mamia. Wifi akizungumza. Wifi akitafuna mkate huku amegeuza uso. Mimi na pengo langu. Wifi akitabasamu kwa mdomo, macho yamejaa machozi, hedifoni kichwani. Halafu ile ya siku ya homa: kiti kitupu, na nyuma yake, mbali, mlango wa bafu uko wazi, mgongo wa wifi umeinama juu ya beseni, na kijikono cha mtoto kimemshika bega.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni akisubiri kusema, nilikwambia. Akasogea. Akaweka kidole kwenye kile kijikono cha mtoto.

"Hii ndiyo waliyokukatia?"

"Ndiyo hiyo."

"Futa," kaka alisema. "Futa zote. Na pipa lenyewe limwage." Safari hii hakuwa anang'oa kibao tu.

Fundi akaizima mashine, akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena. Hakuna aliyeuliza sababu. Wifi akavaa hedifoni, nikampigia kwa simu yangu kutoka uani kupitia programu ya simu waliyompa kwa daktari wa meno, nikamsikia kama yuko ubavuni: "Wifi, toa sufuria jikoni linaungua!" Likawa linaungua kweli.

"Tunakudai au unatudai?" wifi alimuuliza fundi.

Fundi akakuna shingo. "Hela sitaki, dada. Utanilipa kwa mdomo. Nina mama mmoja wa saluni, draya yake imepona zamani, haji kuichukua. Nikimpigia ananitukana, mimi ulimi unakufa. Anasema naitumia nyumbani kwangu. Mpigie wewe."

Jumatatu wifi alipokea simu za meno asubuhi nzima, na kila mgonjwa akasikika na kusikia. Mchana fundi akaja, akakaa kwenye kochi amebana magoti. Wifi akapiga.

Mama wa saluni alifoka wee, mpaka pumzi zikamwishia. Wifi hakumkatiza. Kisha akasema, taratibu, "Pole, mama. Una haki ya kukasirika. Ila nimwangalie fundi mwenyewe, hapa nilipo namwona." Akamkagua fundi juu mpaka chini. "Mama, huyu mtu kichwani hana hata unywele mmoja. Draya aitumie kukaushia nini?"

Upande wa pili kikalipuka kicheko tulichokisikia wote. Fundi akapitisha mkono kwenye upara wake, uso umemwiva.

"Anakuja jioni," wifi alisema, akivua hedifoni.

"Deni limekwisha, dada," fundi akasema.

"Limekwisha. Ukiniletea mteja mwingine mwenye mdomo kama huo, huyo ni wa kulipia."