Mbege Niliyoisifu Mbele ya Wakwe

Mimi niliyeanza na toroli nikajenga nyumba Sombetini, hakuna kinachonishtua tena. Jumamosi wakwe walikuja kumposa binti yangu, na mbege niliipika mwenyewe. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza. Basi nikachota kata kwenye pipa la uani, nikameza, nikafumba macho.

"Ulezi umekolea, ndizi zimeiva sawasawa. Huko kwenu nani anaweza hii?"

Nikampa mshenga wao, mzee mzima. Akanywa, akatema.

Mke wangu akatoka jikoni na ndoo. "Baba Neema, mbege si hii hapa? Hilo pipa ni machicha ya nguruwe!"

"Na ameyasifu," mshenga akasema, akijifuta ndevu.

Posa ilipokelewa baada ya mimi kuwalipa wakwe faini ya mbuzi mmoja, thamani yake shilingi laki moja na themanini elfu.