Kiyoyozi cha Mheshimiwa

Simpendi mtu ninayemwendeshea helikopta. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kunitafutia upole.

Ni mtu wa Nyeri, mahali ambapo mwezi wa Julai watu huingia kanisani na makoti na hutoka nayo, na bado aliagiza helikopta yenye kiyoyozi. Chombo chenyewe ni kidogo, viti vinne tu, na mbele yote ni kioo. Jua likiwaka, ndani huwa jiko, hilo nakubali. Lakini kiyoyozi hakipozi hewa bure. Kina uzito wake, ambao tunaubeba hata kikiwa kimezimwa, na kikiwashwa huzungushwa na injini ileile inayotuweka angani. Safarini hula mafuta kidogo tu. Balaa ni tukiwa chini, kwa sababu ili kipoze ni lazima injini iwake, na injini ikiwaka tumeketi kwenye nyasi inachoma mafuta bila kutupeleka popote. Nilimweleza haya zaidi ya mara moja. Alisema hakununua ndege ili afike mbele ya watu amelowa kama mtu aliyetoka kulima.

Cucu yangu, mama yake mama, ndiye aliyenilea kule Kiganjo. Nilipoanza kurusha helikopta, kila nilipopita juu ya boma lake alitoka zizini akapunga leso yake. Hakufurahishwa sana na mchezo huo. Mara ya mwisho nilipomtembelea, akiwa kitandani, alinishika mkono wa koti akaniambia, "Siku yangu usinipitie huko juu. Ushuke."

Alipofariki, mazishi yalipangwa Jumamosi, siku ambayo Mheshimiwa alikuwa na harambee ya kanisa Kagio. Niliomba ruhusa. Akanipa pole kwa sauti nzuri sana, akasema hakuna haja ya ruhusa: tutaanza Kagio asubuhi, kisha turuke wote hadi Kiganjo, naye aseme maneno mawili kaburini. Mama alifurahi. Jina la Mheshimiwa likaandikwa kwenye ratiba ya mazishi.

Kagio iko chini, na joto lake si la Nyeri. Tulitua katika uwanja wa mpira nyuma ya kanisa, nikanyoosha mkono kuzima injini.

"Hiyo usizime, Kapteni," akasema. "Siwezi ingia kwa hema kabla niitwe. Na siwezi kaa hapa nichomeke."

Hiyo ndiyo desturi ya wakubwa wetu. Mkubwa haketi hemani kungoja pamoja na watu. Huitwa wakati kwaya zimeshawachangamsha, ili aingie wakiwa wamesimama. Wengine hungojea kwenye gari. Yeye alingojea kwenye helikopta, mapanga yakizunguka, vumbi likiwapiga akina mama waliokuwa wakipanga sufuria, askari wakiwafukuza watoto wasisogee. Wazee wa kanisa walikuja mmoja mmoja, wameinama, wakaingia kumsalimia, na kila mlango ulipofunguliwa alinung'unika kwamba baridi inatoka.

Mimi nilikuwa nikitazama kipimo cha mafuta. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka kutoka mlimani, na sikuwa tayari kwenda upande ule bila akiba. Nilimwonyesha kipimo kwa kidole, nikamwambia kwamba mshale ukishuka kupita hapo, Kiganjo hatutafika. Akauangalia vizuri, wala hakuharakisha.

"Si mafuta italetwa," akasema, akajigeuzia tundu la hewa usoni.

Mafuta ya helikopta yetu hayauzwi kwa pampu ya barabarani. Yangetoka Nyeri kwa pikapu. Alijua hivyo, maana ndiye anayeyahifadhi kwake. Kwa hiyo sikubali mtu aniambie kwamba alisahau, au kwamba hakuelewa. Aliweka baridi yake upande mmoja na cucu yangu upande wa pili, akachagua.

Aliitwa mshale ukiwa umeshapita. Nikazima. Alihutubu, akachangisha, akarudi mkavu na shati limenyooka, na nilipomwambia kwamba haturuki akaita magari yake yaliyokuwa yametangulia kwa barabara. Nilimwomba kiti kimoja. Niliomba vizuri, kwa adabu yote niliyofunzwa na mwanamke aliyekuwa akingoja kuzikwa.

"Gari imejaa," akasema. "Na hii chombo haiwezi achiwa watoto. Wewe ni mtu wa ndege, Kapteni. Utatukuta huko."

Nilibaki uwanjani nikilinda vyuma vyake. Pikapu ilipofika nilijaza mafuta, nikaruka na kiyoyozi kimezimwa, nikizunguka mawingu. Juu ya boma niliona hema likishushwa. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa na maua yamepandwa.

Binamu yangu alinionyesha picha kwenye simu. Katika mstari wa wajukuu, mahali pangu, alisimama Mheshimiwa akimwaga udongo kwa mkono wake, paji la uso likimetameta kwa jasho. Watu walikuwa bado wanalizungumzia jasho hilo. Mama alinivuta kando, macho mekundu.

"Huyo mzee umshukuru," akaniambia. "Amekuja na barabara, na hiyo jua yote, juu ya cucu."

Mama alikuwa amezika mama yake siku hiyo, na kama jasho la yule mtu lilimfariji, sikuwa na moyo wa kumnyang'anya.

Jumatatu tulikuwa tunaenda Kangari, kwenye mashamba ya majani chai. Mheshimiwa aliingia na suti ya sufu, akafunga mkanda, akangoja. Nilijua anangoja nini.

"Mama ameniambia nikushukuru," nikasema.

"Ni wajibu tu," akajibu. "Washa AC."

Nilimwambia Kangari iko juu na tumejaza mizigo, kwa hiyo nguvu yote ya injini ni ya kuruka. Ilikuwa kweli, ingawa sikusema kwa sababu ya ukweli wake. Jua la asubuhi lilikuwa likiingia kwa kioo, na kabla hatujauacha mji nyuma alikuwa amelegeza tai na kutoa leso. Kukwepa mawingu ya kusini, njia ilitupitisha juu ya boma la cucu. Zizi lilikuwa wazi na hapakuwa na mtu wa kutoka. Nikalipita huko juu, yeye akijifuta jasho kando yangu.