Nilivyomsitiri Janet Bila Kumuuliza

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, barua ya kawaida tu iliwekwa juu ya meza yangu, na kabla ya saa ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshafanya kosa ambalo sijalisahau hadi leo. Nakusimulia sasa kwa sababu umepata kazi serikalini. Najua utanisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yenu mliozaliwa hapa Uingereza. Haidhuru, sikiliza tu.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, sheria ya mwananchi kuomba taarifa za serikali ikiwa bado mpya. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali hapa Birmingham, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, nikipanda basi kila siku kutoka mtaa wa Lozells kwenda mjini. Kazi yangu ilikuwa kuzijibu barua hizo za watu. Mtu akiuliza jambo, unatafuta kwenye mafaili, unaandika ulichokikuta, unatia sahihi. Wakubwa hawakuipenda sana ile sheria. Mimi niliipenda, maana kule Mombasa nilikotoka, enzi zetu, ukienda ofisini kuuliza jambo ulikuwa unaulizwa wewe kwanza ni nani na umetumwa na nani.

Barua yenyewe ilitoka kwa mwanamke mmoja wa mtaa wa Moseley. Aliuliza mambo mawili: katika miaka miwili iliyopita ofisi yetu ilipokea malalamiko mangapi kutoka kwa wafanyakazi waliobadili jinsia, na ilifanya nini juu yake.

Jibu nilikuwa nalo hata kabla ya kufungua kabati. Lalamiko lilikuwa moja, la Janet, aliyekaa meza ya tatu kutoka kwangu. Aliajiriwa akijulikana kama mwanamume, akafanya kazi miaka kumi na mmoja, kisha akachukua likizo ndefu na kurudi akiwa Janet. Tulitangaziwa katika mkutano wa dakika tano, tukaambiwa tumheshimu, kila mtu akarudi mezani kwake. Ndipo visa vilipoanza. Kitambulisho chake cha kazi kilibaki na jina la zamani kwa miezi tisa. Aliambiwa atumie choo cha wageni, kule chini karibu na mlango. Wanaume wawili walikuwa wakimwita jina lake la zamani kila asubuhi, kwa sauti, wakati wa chai, halafu wanacheka. Akamwandikia meneja wetu, Bwana Keith. Bwana Keith alimwita, akazungumza naye, akaitia barua ndani ya faili, na kwenye daftari la malalamiko hakuandika kitu.

Nilimpelekea Bwana Keith faili lile. Sitamsingizia, hakunilazimisha. Alisema jambo lilimalizwa kwa mazungumzo, kisha akaniuliza mimi naonaje. Hapo nikajiona mwenye busara. Nimelelewa hivyo, kwamba jambo la mwili wa mtu halitangazwi, unamsitiri unapita. Nikawaza kwamba ofisi yetu ni ndogo, nikiandika lalamiko moja kila mtu atajua ni la nani, na huenda huyu wa Moseley ni mtu wa magazeti. Nikamwambia kwa kuwa daftari halina kitu, tujibu kwamba hatuna kumbukumbu ya lalamiko lolote. Akasema sawa. Nikaandika, nikatia sahihi, nikaenda kula nimeridhika na nafsi yangu. Na nikwambie ukweli wote: niliona haya pia kuyaandika maneno yale kwa mkono wangu. Haya yangu nikaipa jina la heshima yake.

Wiki mbili baadaye Janet alikuja akasimama mbele ya meza yangu, barua yangu mkononi. Yule mwanamke wa Moseley alikuwa dada yake. Kumbe wakubwa walitaka kumhamishia ofisi ya Sutton Coldfield, kwenye chumba cha nyuma cha kutunzia mafaili, wakidai hapatani na wenzake. Kikao cha kuamua kilikuwa siku nne mbele. Yeye alikuwa akiwaambia kwamba alilalamika miezi mingi kabla ya habari hiyo ya uhamisho, na waliomsumbua hawakuguswa. Wao wakimjibu kwamba amezua malalamiko juzi, baada ya kusikia anahamishwa. Ndiyo maana dada yake aliandika. Na sasa serikali yenyewe ilikuwa imejibu, kwa sahihi yangu, kwamba lalamiko halikuwapo.

Hakupandisha sauti. "Ulijua," aliniambia.

Nikajitetea kwamba nilitaka kumlinda, asiwe midomoni mwa watu.

"Midomoni mwa watu nimo tayari, kila asubuhi," akasema. "Uliowatoa humo ni wao wanaonicheka."

Alirudi mezani kwake akaendelea na kazi. Mimi sikufanya kazi yoyote ya maana siku ile.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Halima, Msomali aliyekulia Mombasa, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Alikuwa mmoja wa wanawake wanaoosha maiti za wanawake msikitini kwetu Lozells. Nilimkuta anakunja nguo, nikamsimulia yote bila kutaja jina, nikitumaini ataniambia nia yangu ilikuwa njema. Hakuniambia hivyo. Aliniuliza kama huyo mtu nilimuuliza kwanza anataka nimsitiri. Nikasema sikumuuliza. Akaweka nguo chini.

"Mimi naosha maiti, Zuhura," akasema. "Nikikuta kovu, nikikuta ulemavu, nikikuta jambo ambalo hata mumewe hakulijua, natoka nalo na nitazikwa nalo. Lakini nikikuta alama za kipigo, hiyo si siri ya maiti. Hiyo ni siri ya aliyempiga, na mimi sikuitwa pale kumwosha yeye."

Niliingiwa na aibu ambayo sijui niilinganishe na nini. Nikajaribu kumsogeza kwenye habari ya mtu kubadili jinsia, labda hapo tungekubaliana. Akasema hayo ni ya mtu na Mola wake, na kwamba mimi sikuulizwa habari za mwili wa mtu, niliulizwa habari za ofisi. Akaendelea kukunja nguo.

Kesho yake nilikwenda kwa Janet kabla ya kuvua koti, nikamuuliza anataka kisemwe nini na kisisemwe nini. Alijibu upesi, kama aliyesubiri kuulizwa siku nyingi. Alitaka iandikwe kwamba lalamiko lilipokelewa, tarehe yake, na kwamba hakuna aliyehojiwa. Jina lake na habari zake zibaki ndani. Yalikuwa mambo mepesi kabisa, na yalikuwa yanawezekana tangu siku ya kwanza. Bwana Keith aliniambia barua ikishatoka imetoka, na kwamba nitajiharibia. Nikamwambia jibu lisilo sahihi linarekebishwa. Niliandika barua ya pili, sentensi ya kwanza ikisema kwamba jibu letu la awali halikuwa la kweli, kisha yale aliyoyataka Janet, nikatia sahihi, nikaipeleka posta mwenyewe.

Barua ilisomwa kwenye kikao. Uhamisho ukafutwa. Kitambulisho kipya kikatoka wiki hiyohiyo, kazi ya dakika kumi iliyosubiri miezi tisa. Wale wawili walionywa, na habari ya choo cha wageni ikaisha. Mimi nilipelekwa chumba cha barua, nikakaa mwaka mzima na zaidi nafungua bahasha. Janet naye aliacha kazi mwaka uliofuata, akaenda kwingine. Hatukuwa marafiki. Siku ya kuondoka alinipa mkono, akasema asante kwa barua ya pili, ila angependa angeulizwa kabla ya ile ya kwanza. Iliniuma, na ilikuwa haki niumie.

Basi, mwanangu, unapoingia ofisini, shika hili. Mafaili ya serikali yana siri za watu na yana makosa ya ofisi, na mara nyingi vyote viwili vinakaa kwenye karatasi moja. Siri ya mtu itunze, na kama hujui mpaka wake, mwendee mwenyewe umuulize, hata ukiona haya. Kosa la ofisi liandike kama lilivyo, hata kama meneja anakutazama. Usije ukatumia la kwanza kufunika la pili.

Mola akubariki katika kazi hiyo, akupe riziki ya halali na wakubwa waungwana. Na siku utakapomkosea mtu, kwa sababu itafika, nakuombea aje mezani kwako muda wa kurekebisha ungalipo.