Njia ya Mawe Meupe

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Sista wa zahanati aliponiambia kwamba presha yangu itashuka nikianza kukimbia, nilimtazama miguu kwanza. Nikaona viatu vya kisigino, nikajiambia huyu mwenyewe hajakimbia tangu shule ya msingi. Lakini presha haibishani na mtu, kwa hiyo nilianza.

Wakati ule, hapa Uriri, mwalimu mstaafu wa michezo alikuwa ametutengenezea njia tatu za mazoezi, sisi wenye vidonge kwenye mkoba. Alipaka mawe rangi na kuyapanga kando ya vijia. Mawe meupe yalikuwa ya wanaoanza: njia tambarare inayozunguka mashamba ya miwa na kurudi sokoni. Ya manjano yanashuka mtoni, yanavuka kidaraja cha magogo, kisha yanapanda mpaka shuleni. Ya buluu yanapanda kilima chenyewe, katikati ya miiba na miamba, na hayo yalikuwa ya vijana na watu wenye kiburi. Rangi nyekundu aliikataa kabisa. Huku kwetu ukipaka kitu rangi nyekundu watu wanajua barabara inakuja na nyumba zitabomolewa.

Hata bila nyekundu, watu walishuku. Jirani yangu, mzee mwenye miwa, aling'oa mawe yote yaliyopita shambani kwake akayatupa mtoni. Alisema ni alama za watu wa dhahabu wanaotafuta pa kuchimba, na kwamba mkilala mkiamka mtakuta shamba lina mwenyewe mwingine. Moyoni nilimwona ana akili kuliko sisi. Mwalimu hakugombana naye. Alimpelekea kopo la rangi na brashi, akamwomba awe mlinzi wa mawe.

"Mchawi mpe mtoto akulelee," mwalimu alituambia huku akicheka.

Tangu siku hiyo, ukisogeza jiwe moja kwa mguu, mzee anakufokea mpaka uombe msamaha.

Shida yangu mimi haikuwa mawe, ilikuwa wakati wa kukimbia. Siku ya kwanza nilitoka jioni, nikapita sokoni. Mama mtu mzima, tena wa mwili wangu huu, akikimbia mchana kweupe, kuna habari gani njema? Muuza dagaa wa omena alisimama akashika kichwa kwa mikono miwili. "Nani amekufa?" Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Nilipofika kwenye kinu cha posho nilikuwa na wanawake watatu nyuma yangu wanaomboleza kwa sauti, na hakuna aliyejua anamlilia nani. Ilibidi nirudi kuwatuliza mmoja mmoja. Basi nikaamua kukimbia alfajiri, kabla watu hawajaamka.

Hapo ndipo niliporuka majivu nikakanyaga moto. Mimi ni Mkuria, niliolewa huku kwa Waluo nikiwa msichana, na kitu cha kwanza nilichofundishwa na wake wenzangu wa boma ni habari ya jajuok. Huyo ni mtu anayekimbia gizani, mara nyingi bila nguo, anatikisa milango ya watu, anarusha mawe kwenye mabati, na asubuhi anakusalimia vizuri kabisa. Haui mtu. Kukimbia ndiyo raha yake. Wanasema kitu hicho kiko kwenye damu, na asiyezaliwa nacho hufundishwa akishaolewa. Ndiyo maana watu hawaoi kabla ya kumtuma mtu achunguze: je, katika boma lile kuna anayekimbia?

Na mwaka huo binti yangu, wa pekee niliyejaliwa, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Ndhiwa. Alimpenda mpaka chakula kikawa hakipiti. Aliponiona nafunga kamba za raba, alisimama mlangoni.

"Mama, please, usikimbie mpaka hii mambo iishe. Watasema."

"Na presha?"

"Utembee tu."

Nikamwambia wale wanaosemwa hawavai sweta, skafu na sketi juu ya suruali. Hakucheka. Nilitoka, lakini nilitoka na hofu, kwa sababu nilijua mtoto anasema kweli. Neno moja tu lingefika Ndhiwa, na hao watu wasingerudi tena.

Haikupita wiki nikamkuta mwanamke amesimama kwenye jiwe jeupe la kwanza. Alikuwa wa rika langu, mwembamba, na raba miguuni. Nilimsalimu kwa Kiluo, akasikia lafudhi yangu, akaniongelesha Kiswahili.

"Habari, mama. Mimi ni mgeni, nimekuja kwa dada yangu. Nimesikia hapa kuna njia ya mazoezi."

"Dada yako anakaa wapi?"

Alionyesha kwa kidevu upande ambao mimi najua kuna miwa mitupu. Nikamweka kwenye mizani papo hapo. Nilidhani ni mtu wa dhahabu. Kisha nikadhani anamtafuta mume wangu. Mume wangu anakoroma na hana meno mawili ya mbele, lakini siku hizi watu hawachagui. Nilipomweleza mume wangu habari zake, alisema nimwache mgeni wa watu, na jinsi alivyomtetea haraka hivyo sikuipenda hata kidogo.

Mgeni alikuwa na maswali. "Nyumbani kwako wengine pia wanakimbia? Mzee je? Na mama mkwe, akiwa hai, alikuwa anapenda kuamka mapema?" Nilimjibu kwa mkato. Halafu akanyooshea kidole tochi iliyokuwa mkononi mwangu.

"Zima tochi. Macho yatazoea."

"Nikianguka utanibeba?"

Alicheka, akanitangulia. Kulikuwa bado giza, na ile njia ina mashimo ya matrekta ya miwa, lakini yule mama hakujikwaa hata mara moja. Mimi nilikaa kwenye kila kona. Kila mara nilimkuta ananisubiri, hahemi. Siku zilizofuata alichukua mawe ya manjano, kisha ya buluu, na alikuwa akishuka kilimani kabla mimi sijamaliza meupe. Baadaye akatoweka bila kuaga.

Sikumwona tena mpaka siku ya ayie, siku ambayo watu wa mwanamume wanamjia mama wa msichana ili aseme amekubali. Nilitoka jikoni na sinia la samaki, na katikati ya wanawake wa Ndhiwa, ndani ya kitenge kipya, alikuwa amekaa yeye. Wote walikuwa wakimwita waya, yaani shangazi, dada ya baba wa kijana. Niliweka sinia mezani nikarudi jikoni. Nikajua mtoto wangu ameharibikiwa kwa sababu yangu.

Alinifuata jikoni akanishika mkono.

"Unisamehe, mama. Walinituma. Watu walikuwa wanasema mama ya msichana anaonekana barabarani alfajiri. Nikasema wacha niende nijionee."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia, huyo? Aa, huyo hawezi! Anahema kama pampu ya maji, anawasha tochi, anakaa kila jiwe. Jajuok wa hivyo atashikwa siku ya kwanza."

Jikoni kote walicheka, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa ya kicheko. Jioni hiyo binti yangu alikula sahani mbili.

Sisi pia tulikuwa tumemtuma mtu wetu, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alirudi kutoka Ndhiwa ameshiba, akasema ni watu wazuri sana. Nikamuuliza kama aliwauliza majirani. Akasema jirani wa karibu ni waya mwenyewe, aliyeolewa boma la ng'ambo ya kijito, na ndiye aliyemchinjia kuku.

Harusi ikapita. Presha yangu ikashuka, nikahamia mawe ya manjano. Asubuhi moja nikiwa kwenye kidaraja wazo likanisimamisha. Yule mama alijuaje kwamba anayekimbia vile hatakiwi kuhema? Nilijikemea. Mtu amekuokolea mtoto, nawe unamtafutia kasoro. Nikaendelea kupanda, lakini wazo lilipanda nami.

Juzi binti yangu alinipigia simu. Ana furaha, mume wake ni mwema, na miwa yao imekubali.

"Na mazoezi nimeanza, mama. Waya ananipitia alfajiri, tunazunguka pamoja."

Nikamuuliza kama huko Ndhiwa nako wamepaka mawe rangi.

"Hakuna mawe. Waya anajua njia zote."

Nikatafuta kiti nikakaa.

"Tochi unabeba?"

"Tochi ya nini? Waya alisema macho yatazoea." Nikamsikia akicheka, kicheko chake kilekile cha utotoni. "Na kweli, mama, yamezoea."