Jipu Refu na Mtu Mzima wa Kumi na Mbili

Nianze kwa kukiri, maana nisipokiri mtasikia kwa wengine: lile gari la jipu lililokatika vipande viwili kwenye njia ya Itsandra, mbele ya wazungu wenye bunduki na wakubwa wa mji waliovaa majoho, lilikuwa langu, nililirefusha mwenyewe, na mpaka leo nikipita Moroni kuna watu wakiniona wanakutanisha viganja, wanaviachanisha polepole, kisha wanacheka. Nyie jamaa zangu wa Unguja mmeniuliza mara nyingi kwa nini sipendi kukaa kiti cha mbele, basi leo nawaambia.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa Mutsamudu, na Mutsamudu ni vichochoro vitupu, wawili wenye vikapu wakikutana lazima mmoja arudi nyuma, gari tunaliona bandarini na tunaliaga hapo hapo. Sasa mtu aliyekulia mahali kama hapo akavuka bahari kwenda Moroni, kisiwa cha Ngazidja, akajiita fundi magari (ndivyo nilivyojiita, na hakuna aliyenibishia, kosa si langu peke yangu). Nikapata jipu kuukuu lililoachwa na Wafaransa, halina milango, lina kutu, lakini linatembea. Ilikuwa miaka ile ya wazungu wa kukodiwa, askari waliokuja kumlinda mkubwa wa nchi, na walipomaliza kumlinda yeye wakabaki kutulinda sisi, dhidi ya nini hatukuambiwa. Wao walikuwa na majipu mapya, mimi nilikuwa na langu, na nilipopishana nao nilikuwa napiga honi kama mtu wa kazi moja nao.

Nilikuwa namtaka binti mmoja wa Itsandra, mji wa jirani na Moroni, jina lake Zaituni. Kule Ngazidja baba anaheshimiwa, lakini mwenye neno juu ya binti ni mjomba, na mjomba wake Zaituni alikuwa haniamini, kwanza kwa kuwa natoka kisiwa kingine, pili kwa kuwa nanuka oili. Siku moja akaniita. Akasema, "Jumapili baada ya Laasiri tuna shughuli ya harusi kubwa. Nenda Moroni uniletee watu wazima kumi na wawili. Ukiwaleta kwa heshima yao, tutazungumza habari ya Zaituni."

Nikasema, "Kumi na wawili, safari moja."

Hakuna aliyeniambia safari moja. Jipu lilichukua wanane kwa kubanana, ningekwenda mara mbili na leo ningekuwa mtu na akili zake. Lakini neno lilikwisha kutoka, na nilimwona Zaituni nyuma ya pazia, sasa ningelimeza vipi?

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo mimi nilikuja kuelezwa kwa kuchelewa. Kwetu Mutsamudu, kama hapa kwenu, mtu mzima ni mtu mwenye umri. Kule Ngazidja mtu mzima ni aliyekwisha kufanya harusi kubwa, ile ya kulisha mji mzima. Akiifanya ana miaka thelathini na tano ni mtu mzima, anavaa joho, anakaa mbele. Asipoifanya, hata akiwa na miaka themanini na hana jino, ni mtoto wa mji, na mtoto wa mji hukaa nyuma au husimama. Neno ni lile lile, sikio ndilo lilikuwa la Mutsamudu.

Basi nikaenda kwa Mdahoma, mchomeleaji wa pale bandarini Moroni. Tukalikata jipu nyuma ya kiti cha dereva, tukavuta kipande cha nyuma, katikati tukaunga chuma cha tishari bovu, mita moja kamili (Mdahoma alitaka nusu mita, mimi nikasema anayejenga hajengi kibanda). Shafti tukairefusha kwa bomba. Waya wa breki ya mkono haukufika, tukaufunga kwa kamba ya katani. Halafu nikatengeneza mabenchi mawili marefu ya mninga, nikayapiga msasa mpaka ukipitisha kiganja hukwaruzwi, na kusema kweli mabenchi yale yalikuwa mazuri kuliko jipu.

Mdahoma akatazama kazi yetu akasema, "Katikati litapinda."

Nikamwambia, "Wewe choma tu."

Jumapili nikafika Moroni, nikakuta kumi na mmoja wananisubiri kwa majoho yao. Wa kumi na mbili alikuwa mgonjwa. Mimi nimeahidi kumi na wawili, nikatupa macho barabarani, nikamwona Mzee Mbaraka, jirani yangu, msuka nyavu, umri wake umepita sabini, ndevu nyeupe pe. Nikamwambia twende Itsandra, wanatakiwa watu wazima.

Akasimama. Akasema, "Mwanangu, mimi?"

"Wewe ndiye mtu mzima kuliko wote hapa," nikamwambia, nikamshika mkono, nikamkalisha mbele pembeni yangu. Alifuta macho kwa ncha ya kanzu, nikadhani vumbi.

Wale kumi na mmoja nikawapanga nyuma, na mdogo wao kwa sura, Bwana Athumani, hajafika arubaini na joho lake limedariziwa dhahabu, mabenchi yakawa yamejaa, nikamwomba akae juu ya tairi la akiba. Ndiye aliyekuwa mkubwa wao wote. Akakaa, wenzake wakatazamana, na mimi kwa ujinga wangu nikaona watu wamestaajabia gari.

Njia ya Itsandra ilikuwa na kizuizi cha wale wazungu, na mbele ya kizuizi walikuwa wamelima tuta la kupunguzia mwendo. Magurudumu ya mbele yakavuka. Ya nyuma hayajafika. Ile mita yangu moja ikakaa kwa tumbo juu ya tuta, jipu likalalia hapo, ukikanyaga mafuta linanguruma tu.

Nikageuka nyuma, nikasema kwa sauti (na maneno haya nikiyakumbuka natamani ardhi inifunike), "Vijana washuke wasukume, mtu mzima abaki."

Wakashuka. Nadhani walishuka kwa mshangao. Wakasukuma na majoho yao, nikakanyaga mafuta, moshi wa jipu ukawapaka wote, Bwana Athumani kuanzia kilemba mpaka makubazi. Halafu tukasikia mlio, jipu likakatika pale pale alipochoma Mdahoma, nyuma ikabaki na mabenchi, mbele ikabaki na mimi na Mzee Mbaraka.

Akaja mkubwa wa kizuizi, mzungu mwekundu aliyesilimu akajiita Abdulkarimu. Katika lugha ya pale alijua neno moja, "kwezi", ambalo mdogo humwamkia mkubwa. Akatazama wale kumi na mmoja walivyo weusi kwa masizi, akaona ni wapagazi. Akatazama kiti cha mbele, akaona mzee wa ndevu nyeupe ametulia, akapiga saluti. "Kwezi," akasema.

Mzee Mbaraka akamjibu, "Mbona," kama mkubwa anavyojibu.

Mzungu akawaamuru wale aliowadhani wapagazi wabebe kipande cha nyuma waweke kando. Kipande cha mbele akakifunga kamba kwenye jipu lake, akatuvuta mpaka Itsandra, chuma kinaburuzwa barabarani kinatoa cheche. Wanawake waliona askari wanamsindikiza mzee, wakapiga vigelegele. Mzee Mbaraka akateremshwa katikati ya uwanja, akapewa kiti, akakaa, akaletewa kahawa. Alikuwa kwenye kikombe cha pili wakati wale kumi na mmoja walipotokea kwa miguu.

Mjomba akanijia. "Nimekutuma watu wazima," akasema, "umeniletea mtoto na masizi."

Hapo ndipo nilipoelezwa maana ya mtu mzima, nikaona haya. Mzee Mbaraka akasimama mwenyewe kabla hajaambiwa, akaweka kikombe chini taratibu, akaja kusimama pamoja nami.

Wakubwa wakakaa kunihukumu. Zaituni akacheleweshwa miaka mitatu, na nikampata kwa ndoa ndogo, chumbani, bila ngoma (yeye mwenyewe alimwambia mjomba kwamba anayeweza kulirefusha gari atavumilia kurefushiwa uchumba). Faini yangu ikawa mabenchi. Wakayang'oa kwenye kile kipande, wakayaweka pale uwanjani Itsandra, chini ya ukuta, na yapo mpaka leo, hayajalegea hata msumari. Wanakaa watu wazima. Mimi sijafanya harusi kubwa na kwa mfuko huu sitaifanya, kwa hiyo mwenye kuyatengeneza siruhusiwi kuyakalia.

Tangu siku hiyo sijarefusha kitu, hata suruali napeleka kwa mshonaji, na mtu akinituma kitu namuuliza maana ya kila neno mpaka anachoka.

Miaka baadaye tulikwenda harusi pale, Mzee Mbaraka na mimi, tukasimama pembeni kama ilivyo desturi, na jua lilikuwa kali. Nikaona magoti yake yanachoka, nikamwomba radhi kwa yale ya zamani, kwa kumtia aibuni.

"Aibu ni yako, mwanangu," akasema. "Mimi nilishakaa."