Namba Iliyolala kwenye Simu ya Mjomba

Familia ikiingia kwenye steshenari ya Dorika pale Mkomaindo, jirani na hospitali, haiulizwi kwanza mtoto amepata daraja gani. Linaloulizwa ni, "Laini mliyojaza ni ya nani?" Dorika amewaombea watoto wa watu nafasi za vyuo kwa miaka tisa, na anajua kwamba alama hazijawahi kumkwamisha mtu kama simu.

Alfredi na Mama Rose walimjia wamechelewa. Maombi walikuwa wameyafanya wenyewe. Binti yao Rose alichaguliwa na vyuo viwili, na ilibidi athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Dirisha lilikuwa linafungwa siku hiyo saa kumi jioni. Asipothibitisha, nafasi anapewa mwingine.

"Laini ya nani?" Dorika akauliza.

"Ya mjomba Bonifasi," Rose akajibu. "Nilikuwa nakaa kwake Newala nikisoma. Namba yake ndiyo niliyoijua kichwani."

"Na hiyo namba ya siri?"

"Anayo tangu Jumatatu. Hataki kuitoa."

Dorika akapiga, akaweka sauti ya nje. Wateja watano waliokuwa wakisubiri fotokopi wakaacha kuwa na haraka.

"Shikamoo mjomba. Mimi Dorika wa steshenari, Masasi."

"Marahaba. Namba ipo. Imelala humu kwenye simu, inapumzika."

"Tuiamshe basi, mjomba."

"Mwambie baba yake aiamshe. Si ndiye bingwa wa kujaza fomu?"

Dorika akaziba simu kwa kiganja. "Baba Rose, kwenye mlezi mliandika nani?"

"Mimi. Mtoto si wangu?"

"Na kaka wa mama yake aliambiwa?"

Mama Rose akatazama sakafu. "Alisikia kwenye foleni ya maji."

Dorika akaelewa. Huku mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye huambiwa kwanza, hata kama jibu linajulikana. Bonifasi hakuwa na ugomvi na chuo. Alikuwa na kitu mkononi, na hakuna aliyemuuliza bei.

Akaondoa kiganja kwenye simu. "Mjomba, chuo kina fomu ya kujiunga. Kuna sehemu ya mlezi, jina na picha. Ninayo hapa, haijaguswa. Nimwandike nani?"

"Picha ya rangi?"

"Ya rangi, nyuma bluu."

"Koti ninalo." Akakohoa. "Lakini bado sijaambiwa. Baba yake aniambie kwa mdomo wake."

"Siwezi kwenda kumwomba mtu mtoto wangu mwenyewe," Alfredi akanong'ona.

"Huombi, unaarifu," Dorika akasema. "Na huendi popote. Ni saa nane na nusu, shika simu."

Rose alikuwa amekunja mkanda wa mkoba wake mpaka umekuwa kamba. Alfredi akamtazama, akaishika simu kama kitu cha moto.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Alfredi."

"Alfredi yupi?"

Mteja mmoja akageukia ukutani, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Baba Rose. Nakuarifu kwamba mtoto wako amepata chuo, na tunaomba baraka zako."

"Sijasikia vizuri. Mtandao wa huku juu unajua ulivyo."

Alfredi akarudia, safari hii kwa sauti ya kusikika hadi kwenye geti la hospitali. Bonifasi akasema sasa ameambiwa, akavaa miwani, akasoma tarakimu moja moja. Dorika akazibonyeza kwenye kompyuta. Kioo kikaandika kwamba Rose amethibitishwa kusomea upimaji wa ardhi. Rose akaachia mkanda.

"Anasomea nini huyo mwanangu?" Bonifasi akauliza sasa.

"Kupima ardhi, mjomba," Rose akasema. "Mipaka ya mashamba na viwanja."

"Mbona hamkusema? Likizo ya kwanza aanzie kwenye mikorosho yangu. Jirani yangu Vitalis kausogeza mpaka wetu hatua nne."

Simu ikakatika. Dorika akaandika jina la Bonifasi kwenye fomu, akaacha nafasi ya picha.

"Na mimi?" Alfredi akauliza. "Mimi nasaini wapi?"

Dorika akaigeuza fomu upande wa pili, penye orodha ya mahitaji: godoro, ndoo, mashuka mawili na nauli.

"Huku hawahitaji saini, Baba Rose. Leta tu."