Wifi Wawili na Ubao Mama

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake ikiwa na pindo lililokwenda upande. Alikuwa fundi cherehani, mjane, na aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Huyu naye alikuwa na jina lake la mtaani: Bi Simu. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye chumba cha kuunganishia simu, akazoea kupaza sauti. Hata baada ya kustaafu alikuomba chumvi mezani kana kwamba uko mji wa pili.

Walipendana kwa kuchokozana. Msiba uliwakutanisha nyumba moja, lakini kilichowaunganisha hasa ni mbio za magari, zile za kwenye kompyuta. Mashine ya marehemu ilibaki sebuleni, na siku moja, wakihangaika kuizima, wakajikuta wamefungua mchezo. Tangu hapo, kila jioni kabla ya kula, waliketi kochi moja, kila mmoja na kidude chake cha kuchezea, wakisukumana mabega kwenye kona. Bi Simu aliendesha kwa fujo. Mama Pindo aliendesha kama anavyoshona, akifuata mstari, na mara nyingi alishinda, jambo lililomfanya wifi yake aape kwamba kidude alichopewa ni kibovu.

Mashine ile ilipokata roho, waliamua kuunda yao wenyewe, kipande kwa kipande. Wakapata kasha, wakapata kadi ya picha, wakapata prosesa, kile kijisahani kinachofikiri kwa niaba ya mashine nzima. Ukabaki ubao mama, ule ambao vipande vyote hupachikwa juu yake vikapata kuzungumza. Jumamosi asubuhi wakaenda dukani.

Fundi wa pale alikuwa mwanamume mpole, miwani yake imefungwa uzi.

"Karibuni mama zangu. Prosesa mmekuja nayo?"

Mama Pindo akaitoa mkobani, ndani ya boksi lake, na boksi limeviringishwa kipande cha bitana. Fundi akaisoma, kisha akapanga mbao tatu juu ya meza ya kioo. Jicho la Mama Pindo likatua kwenye ule mweusi wenye taa pembeni.

"Huu hapa! Mzuri kama nguo ya harusi."

"Mzuri, mama, lakini haukubali prosesa yako. Soketi zake ni tofauti, haiwezi kukaa."

"Hata tukibonyeza kidogo?" akauliza Bi Simu.

Fundi akauvuta ubao upande wake. "Mama, nakuomba. Usibonyeze."

Zikabaki mbili. Mmoja ulikuwa mpana, una nafasi nne za vijiti vya kumbukumbu. Wa pili mdogo, nafasi mbili tu, lakini una antena.

"Huu mdogo una wifi ndani yake," fundi akaeleza.

Mama Pindo akaangua kicheko. "Wifi ninaye nyumbani, mwanangu, na sauti yake inapenya ukuta bila waya. Nipe mpana."

Bi Simu alikuwa ameushika ule mdogo kwa kingo zake, anautazama.

"Tuchukue huu wenye wifi," akasema, kwa sauti ya chini ambayo Mama Pindo hakuwahi kuisikia.

"Wa nini? Si tunacheza kochi moja? Huu mpana mwakani tunauongezea kumbukumbu."

"Mwakani sitakuwepo, wifi. Binti yangu anakaribia kujifungua, mumewe kila siku yuko safarini. Ameniomba nihamie kwake, na nimekubali. Nilikuwa natafuta pa kukuambia."

"Ukaona hapa dukani ndipo?"

"Nyumbani nimeshindwa. Kila nikifungua mdomo unaniwekea chai."

Fundi akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi.

"Mkwe wangu ana kompyuta, nimeshauliza," Bi Simu akaendelea. "Tutashindana, mimi kule wewe hapa. Ila mashine yako lazima iwe na mtandao. Na sitaki uburute waya kutoka mlangoni mpaka sebuleni, ukajikwaa, na mimi sipo."

Mama Pindo akajikaza kisabuni. Kisha akamgeukia fundi.

"Huu mdogo, mchezo utakwenda vizuri?"

"Utakwenda, mama. Nafasi mbili zinatosha, weka tu vijiti vyenye uwezo."

"Nifungie huo."

Njia nzima Mama Pindo alikuwa na hasira, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakuona wa kumkasirikia.

Kesho yake wakaondoa vitambaa kwenye meza ya kukatia, wakaanza kuunda. Bi Simu alisoma maelekezo kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Mama Pindo aliishusha prosesa taratibu, kialama cha pembetatu kikilingana na kialama cha pembetatu. Kishikizo cha kuibana kilipolia, wote wawili wakabana pumzi. Wakaunga nyaya, wakawasha. Feni zikazunguka. Kioo cha kompyuta cheusi tii.

Wakampigia fundi. Akawaambia kijiti cha kumbukumbu hakijaingia sawasawa, wakisukume mpaka kilie.

"Kumbe kuna pa kubonyeza!" Bi Simu akapiga kelele, akakibonyeza mpaka kikalia, na kioo kikawaka.

Walicheka mpaka wakakaa sakafuni, na hapo hapo sakafuni kicheko cha Mama Pindo kikageuka kilio. Wifi yake akamvuta kifuani.

"Mtoto ameshashonewa nguo?" Mama Pindo akauliza baadaye, akifuta pua.

"Nani amshonee, nawe umeninunia tangu jana?"

Mama Pindo akaenda kutafuta kitambaa laini.

Bi Simu aliondoka na sanduku lililojaa vijinguo vidogo. Mbio zao za kwanza za mbali zilichelewa mpaka mtoto alipozaliwa. Sauti ya Bi Simu ilipoingia kwenye vipokea sauti vya masikioni, Mama Pindo alilazimika kuachia sikio moja wazi. Walikuwa wamekaribiana, kona ya mwisho inakuja, mtoto akalia.

"Wifi, nisubiri, mjukuu ameamka!"

Mchezo wa mtandaoni hausimami. Mama Pindo akaliegesha gari lake kando ya barabara, magari ya watu wasiojulikana yakampita moja baada ya jingine, naye akakaa akimsikiliza Bi Simu akimbembeleza mtoto kwa wimbo uliokosewa maneno.